Mtoto wa Kituku Aruhusiwe Kukosoa Ubao

Anayetaka kujua kama mtoto wa Goma anajua hesabu asianze na daftari lake. Amtume Kituku akanunue sambaza.

Kituku ni soko na bandari ndogo katika mtaa wa Kyeshero, ukingoni mwa Ziwa Kivu. Maboti na mitumbwi hufika hapo kutoka Minova, Idjwi na Kalehe yakiwa na maharagwe, mihogo, ndizi na mananasi. Wavuvi huteremsha sambaza, wale samaki wadogo walioletwa ziwani humo kutoka Tanganyika mnamo mwaka 1959 na ambao leo ni kitoweo cha mji mzima. Bei hutajwa kwa franga, hulipwa hata kwa dola, na chenji hurudi kwa noti zilizochakaa, kwa kuwa benki za mji zilifungwa baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025. Kila noti hukaguliwa kwa macho na kwa vidole kabla ya kupokewa. Katika vurumai hiyo mtoto wa miaka kumi ananunua vitu vya franga 3 800, anatoa noti ya 5 000, anasubiri 1 200. Akirudishiwa 1 000 hanyamazi: “Mama, rudilia kuhesabu, haijatimia.” Muuzaji anakunja uso kidogo, anahesabu upya, anaongeza ile 200, na biashara inaendelea. Hakuna anayesema mtoto amekosa adabu.

Kesho yake mtoto huyohuyo ameketi kwenye benchi la shule, wamebanana watano. Mwalimu ana haraka au amechoka, na ubaoni anaandika kwamba 5 000 toa 3 800 ni 2 800. Kosa lenyewe ni la kawaida sana: ametoa tarakimu ndogo katika kubwa bila kuangalia ipi iko juu na ipi iko chini. Darasa linafanya nini? Linanakili. Wenye bidii watalipigia jibu mstari kwa rula na wino mwekundu.

Jambo hili limewahi kupimwa mbali na Goma. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha uchunguzi mdogo walioufanya Recife, nchini Brazil, kwa watoto watano waliokuwa wakiuza vitu barabarani na sokoni. Walipoulizwa bei penye meza zao za biashara, watoto hao walipata majibu sahihi karibu mara 98 katika kila maswali 100. Hesabu za namna ileile zilipoandikwa kwenye karatasi kama za shule, zikiwa tarakimu tupu, walipata kama 37. Watoto walewale, vichwa vilevile.

Walimu wengi wakisikia habari hiyo husema kwamba basi hesabu zifundishwe kwa mifano ya soko. Sawa, lakini hiyo ni nusu ya somo. Sokoni mtoto ana kitu kingine ambacho darasani hana: ruhusa ya kukagua. Anajua kwamba muuzaji anaweza kukosea, anajua kwamba kosa hilo litamgharimu, na anajua kwamba akilisema atasikilizwa. Ruhusa ya namna hiyo direkta wa shule anaweza kuitoa Jumatatu asubuhi wakati wa kupandisha bendera, bila kusubiri fedha za Kinshasa wala za mfadhili yeyote.

Ruhusa hiyo ikikosekana, akili ya mtoto hufanya mambo ya ajabu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa hisabati ya Grenoble, nchini Ufaransa, iliwapa watoto 97 wa miaka saba hadi tisa swali hili: katika boti kuna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Watoto 76 walijibu. Walichukua namba walizopewa wakazichanganya hadi likatoka jibu. Na kweli, 26 jumlisha 10 ni 36, umri unaomfaa nahodha vizuri kabisa.

Swali hilo likiulizwa Kituku, kwa wapakuzi wanaoteremsha mbuzi kwenye maboti, mwulizaji atachekwa hadi aondoke. Watoto wa Grenoble hawakucheka. Mwandishi Stella Baruk, aliyelipa swali hilo kitabu kizima mwaka 1985, hakuwaona watoto hao kuwa wajinga. Walikuwa wamejifunza masharti ya shule: swali la mwalimu halikosi kuwa na jibu, namba zilizomo lazima zitumike, na kazi ya mwanafunzi ni kutafuta alama ya kuweka katikati yake. Kwa masharti hayo, 36 ni jibu la mwanafunzi mtiifu.

Masharti hayo Goma yamekaza zaidi. Tangu elimu ya msingi ya umma ilipofanywa kuwa ya bure mnamo Septemba 2019, madarasa yamejaa. Vita vikaongeza watoto wa familia zilizokimbia Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Vitabu ni haba. Kwa hiyo ubao ndio kitabu, na daftari ni nakala ya ubao. Mtoto anayenakili kosa hana ukurasa mwingine wa kulinganisha, na usiku mzazi atakayefungua daftari ataona mwandiko wa mwanawe lakini neno ni la mwalimu. Tathmini ya PASEC ya mwaka 2019, iliyopima shule za nchi 14 za Afrika zinazotumia Kifaransa, ilikuta watoto wengi wa Kongo wakimaliza shule ya msingi bila kufikia kiwango kinachotosha katika hesabu. Sababu ni nyingi, na ukimya wa darasani ni mojawapo tu. Ila kati ya sababu zote, ndiyo iliyo rahisi kuishughulikia.

Lugha nayo ina mkono wake. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inatambua lugha za taifa katika kufundishia, na huku Kivu lugha hiyo ni Kiswahili, lakini kadiri mtoto anavyopanda madarasa Kifaransa kinachukua nafasi. Mtoto aliyeona kosa kwenye mstari wa pili inambidi kwanza atafute namna ya kulisema kwa Kifaransa, apange sentensi, aogope kuchekwa kwa sarufi. Akiwa bado anapanga, ubao umeshafutwa. Kosa la hesabu lipokewe kwa lugha yoyote mtoto aliyonayo mdomoni.

Afrika Mashariki ina kisa chake maarufu cha mwanafunzi aliyethubutu, na bahati nzuri kinajulikana kwa undani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kijana wa sekondari ya Magamba huko Tanga, alitia maziwa ya moto kwenye friza bila kuyaacha yapoe, akitengeneza aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alimwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu wake akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu.

Kilichofuata hakitajwi mara nyingi, nacho kinahusu hesabu. Mpemba mwenyewe alisimulia kwamba tangu siku hiyo kila alipokosea kusoma jedwali la logi, mwalimu alisema hiyo ni hisabati ya Mpemba, na darasa zima likalidaka neno hilo, likawa mzaha wa kila siku. Hapo mtu anaona wazi jinsi ukimya unavyotengenezwa. Mwalimu hakuhitaji fimbo. Kosa dogo la kusoma jedwali, ambalo kila mtumiaji wa logi amewahi kulifanya, lilipewa jina la mtu likageuka adhabu. Ni wanafunzi wangapi wa darasa lile walioamua kufunga midomo kwa sababu ya Mpemba?

Yeye hakuufunga. Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea Mkwawa, kijana alisimama akauliza mbele ya wote, wenzake wakicheka. Osborne naye hakuamini, lakini alirudi Dar es Salaam na kuagiza jaribio lifanywe. Fundi wa maabara alileta habari kwamba maji ya moto yalitangulia kuganda, akaahidi kwamba ataendelea kurudia jaribio mpaka lipatikane jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja. Wapo wanasayansi wanaoukana ukweli wa jambo lenyewe: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya na kusema hawakuliona. Hilo halimpunguzii Mpemba kitu. Mwanafunzi anayeinua mkono hadaiwi kuwa sahihi siku zote. Anadaiwa kutazama na kueleza alichokiona. Mara nyingine mwenye kosa atakuwa ni yeye, na maelezo atakayopewa hapo yatamfaa kuliko somo zima alilolinakili kimya.

Shule za Kongo zenyewe zina mila ya kukagua ambayo inapotea. Wazazi waliosoma enzi za Zaire wanaikumbuka preuve par neuf: mwanafunzi akimaliza kuzidisha anachora msalaba pembeni mwa daftari na kujaza tarakimu nne. Chukua 58 mara 23, jibu 1 334. Tano na nane ni 13, moja na tatu ni 4. Mbili na tatu ni 5. Nne mara tano ni 20, yaani 2. Sasa jibu: moja, tatu, tatu na nne ni 11, yaani 2. Zimelingana. Kama mtu angeandika 1 324, jumla ingekuwa 10, yaani 1, na msalaba ungemuumbua papo hapo. Kinachopendeza zaidi ni kwamba kipimo hiki nacho hudanganyika: aliyegeuza tarakimu akaandika 1 343 atapata 2 vilevile, na kosa litapita. Mwalimu wa darasa la tano akiwaambia watoto watafute kosa ambalo preuve par neuf hailioni, atapata saa nzima ya kazi bila kununua hata chaki ya ziada.

Kutoka hapo hadi kuutafuta mwanya wa mwalimu mwenyewe si mbali. Namna ya kuanza ni nyepesi. Mwalimu atangaze kwamba katika kila somo la hesabu ataweka kosa moja makusudi, na atakayelinasa na kueleza kwa nini ni kosa atapata pointi moja ya interro, lile jaribio fupi la darasani. Uzito uko kwenye kueleza. Kupiga kelele kwamba si hivyo hakuleti pointi. Pointi inaletwa na sababu.

Tuseme somo ni sehemu. Nusu besheni ya sambaza jumlisha theluthi ya besheni. Mwalimu anajumlisha vya juu kwa vya juu, vya chini kwa vya chini, anaandika 2/5. Darasa likinyamaza, anauliza swali moja tu: mbili ya tano inazidi nusu au haifiki? Mtoto anayeiona besheni kichwani ataruka kwenye benchi. Tulikuwa na nusu, tukaongeza, na sasa tumebaki na pungufu ya nusu! Sasa kugeuza sehemu zote ziwe za sita, tatu ya sita na mbili ya sita, jumla tano ya sita, ni dawa ya ugonjwa ambao darasa limeuona kwa macho yake.

Siku nyingine ni desimali. Kilo 0,35 na kilo 0,4, ipi nzito? Mwalimu anaandika kwamba ya kwanza ni nzito kwa kuwa 35 inaizidi 4. Hili ni kosa ambalo watoto hulifanya dunia nzima, na mama yeyote wa Kituku anayepima kwa mizani atalikataa, kwa sababu gramu 350 hazijawahi kuzishinda 400. Siku nyingine tena ni asilimia: debe la maharagwe la franga 20 000 limepanda asilimia 10, kisha limeshuka asilimia 10, na ubaoni imeandikwa kwamba bei imerudi palepale. Haikurudi. Ilifika 22 000, na asilimia 10 ya 22 000 ni 2 200, hivyo sasa ni 19 800. Waulize watoto franga 200 zimepotelea wapi, kisha keti uwasikilize wakibishana.

Kosa tamu kuliko yote linahusu kanuni ya tatu, ile règle de trois ambayo darasa la sita huitumia kila mahali. Boti lenye abiria 40 linatumia saa mbili kutoka Kituku hadi Minova. Lenye abiria 80 litatumia saa ngapi? Kanuni inatoa saa nne bila aibu. Hapo nahodha wa Grenoble amerudi, na mtoto wa ziwani ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kusema kwamba maboti hayaendi hivyo.

Kwa sekondari kuna mfano wa nyumbani kabisa. Ishango iko Kivu Kaskazini, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Hapo ndipo mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alipofukua mfupa wenye mistari iliyochanjwa, unaokadiriwa kuwa na miaka kama 20 000 na unaohifadhiwa Brussels. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19, na kwa sababu hiyo wapo wanaodai kwamba wazee wa Ishango walizijua namba tasa. Safu nyingine ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7, na hapo hudaiwa kwamba walijua kuzidisha kwa mbili. Sifa hizi husomwa kwa fahari, na fahari si dhambi. Lakini wape vijana tarakimu hizo pamoja na madai hayo, uwaulize ufa uko wapi. Watagundua kwamba 3 na 6, 4 na 8 zinakubali, kwamba 10 na 5 zimegeuzwa, na kwamba 5 na 7 mwishoni hazikubali kabisa. Watauliza pia mtu angejuaje namba tasa kama haijulikani kwamba aliwahi kugawanya.

Kuwinda makosa si mtindo mpya wa Wazungu wa miradi. Euclid mwenyewe, kwa ushuhuda wa Proclus wa karne ya 5, aliandika kitabu kilichojaa hoja za uongo ili wanaoanza jiometri wajizoeze kuzinasa. Kitabu hicho kimepotea, kile kiitwacho Elementi kikabaki. Na katika zama zetu Donald Knuth, bingwa wa sayansi ya kompyuta wa Chuo Kikuu cha Stanford, huahidi dola 2 na senti 56 kwa kila kosa jipya litakaloonwa kwenye vitabu vyake. Senti hizo zingemsumbua mbadilisha pesa yeyote wa Goma, lakini watu huhifadhi hati za Knuth ukutani kama diploma.

Yapo mapingamizi, na hayastahili kupuuzwa. La kwanza ni heshima. Mwalimu wa Kongo ameshadharauliwa vya kutosha kwa mishahara midogo inayochelewa. Je, sasa akosolewe na watoto pia? Wakubwa husema kuuliza si ujinga, lakini wachache wamewahi kuongeza kwamba kumsahihisha mkubwa si utovu wa adabu. Hapa kinahitajika kitu kidogo tu, sentensi ya kufundishwa darasa zima siku ya kwanza: “Mwalimu, naomba turudie mstari wa tatu.” Ni maneno ambayo hata mkwe anaweza kuambiwa. Na kosa la makusudi lina faida ya pembeni: likimponyoka mwalimu kosa la kweli, ana pa kujifichia. Mwalimu mwenye moyo atasema kwamba lile hakulipanga, na siku hiyo darasa litajifunza mengi zaidi. Mwenye moyo mdogo atatabasamu tu, nalo si baya.

Pingamizi la pili ni kelele. Watoto themanini wakiruka kwa pamoja, jirani atadhani paa limeanguka. Lakini watoto wa shule za msingi wana ardoise. Kila mmoja aandike namba ya mstari wenye kosa na ainue kibao chake kimya. Kwa mtazamo mmoja mwalimu anajua nani ameona, nani anabahatisha na nani amechungulia kwa mwenzake, jambo ambalo mtihani wa wiki nzima haumwonyeshi.

La tatu ndilo zito: je, kosa likiandikwa ubaoni halitang’ang’ania kichwani mwa mtoto? Linaweza. Wajerumani Cornelia Große na Alexander Renkl, katika utafiti wa mwaka 2007, waliona kwamba kuchambua mifano yenye makosa kuliwafaa wanafunzi waliokuwa na msingi. Wale dhaifu walihitaji waonyeshwe kwanza kosa liko wapi ndipo waeleze kwa nini. Kwa hiyo anayeanza na darasa la pili asiwatege gizani. Azungushie mstari wenye kosa kwa chaki ya rangi, kisha aulize sababu. Kwa upande mwingine, Bruce McLaren na wenzake nchini Marekani waliwapa wanafunzi desimali, kundi moja likisahihisha mifano yenye makosa, lingine likifanya mazoezi ya kawaida. Mwisho wa mazoezi makundi yalikuwa sawa. Baada ya wiki moja waliosahihisha makosa ndio waliokumbuka zaidi. Sharti ni moja na halina mjadala: kosa lisiachwe ubaoni kengele inapolia. Lifutwe, sahihi iandikwe, ndipo madaftari yafunguliwe.

Kituku ina sababu yake yenyewe ya kutaka watu wanaokagua namba. Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2024 boti lililoitwa Merdi, likitoka Minova, lilipinduka karibu kabisa na bandari hiyo, watu wa nchi kavu wakitazama. Barabara ya Minova kwenda Goma ilikuwa imefungwa na vita, na ziwa ndilo lililobaki kuwa njia. Boti lilikuwa limejaa kupita kiasi. Gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alitangaza kwamba abiria walikuwa 278 na waliokufa 78; siku zilizofuata hesabu za maofisa wa pande mbili za ziwa hazikulingana. Itakuwa uonevu kuining’iniza ajali hiyo shingoni mwa mwalimu wa hesabu. Vita, umaskini na usimamizi mbovu vina mzigo wao. Lakini 278 toa 78 ni 200 kamili, na mtu aliyezoezwa tangu utotoni kutazama namba mara ya pili akiona mviringo kama huo huuliza: nani alihesabu, lini, na kwenye karatasi ipi? Abiria wa Kituku wana haki ya kuuliza swali hilo kabla boti halijang’oa nanga, na karani anayeandika orodha anapaswa kulipokea kama muuzaji wa sambaza anavyopokea neno la chenji.

Wazazi watauliza kama haya yote yatamsaidia mtoto kupasi. Mtihani wa Serikali, ule EXETAT ambao kila mwaka huwanyima watu usingizi, una maswali ya kuchagua jibu moja kati ya matano. Majibu manne ya uongo hayakuokotwa njiani. Mtunzi mwenye ujuzi huyatengeneza kwa makosa anayoyatarajia: huyu amesahau alama ya kutoa, yule amejumlisha sehemu juu kwa juu, wa tatu ametumia kanuni ya tatu pasipostahili. Prefe wa masomo anaweza kuagiza kwamba mara moja kwa wiki mwalimu achukue swali la miaka iliyopita, afute jibu sahihi, awaachie wanafunzi yale manne yaliyobaki, kila kundi lieleze jibu lake lilizaliwa na kosa gani.

Inspekta akiingia saa hiyo atakuta ubao uliojaa majibu ya uongo, na huenda akaanza kuandika ripoti mbaya akiwa bado mlangoni. Afadhali fishi ya matayarisho iwe mezani, imeandikwa mapema kosa gani limewekwa na kwa nini, na inspekta aombwe kukaa kwenye benchi la nyuma, apewe ardoise, naye aandike namba ya mstari.